Msituhubirie Akiba, Tufundisheni Bei ya Deni

Mwaka jana, wiki ya pili ya muhula, tulikusanywa katika ukumbi mkubwa kusikiliza mada juu ya nidhamu ya fedha kwa vijana. Mzungumzaji alitoka katika taasisi moja ya fedha ambayo sitaitaja. Alivaa suti ya buluu, alikuwa mcheshi, na picha zake ukutani zilipendeza. Picha ya kwanza ilikuwa ya rolex. Kwa wenzetu wa nje ya Uganda watakaosoma mkusanyo huu, rolex si saa ya mkononi. Ni chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, nyanya na kabichi, inayouzwa kando ya barabara Wandegeya, Kikoni na kila mahali penye mwanafunzi mwenye njaa. Bwana yule akatuambia tupige hesabu. Rolex moja ni shilingi 3,000. Muhula una siku kama 120. Zidisha, upate 360,000. "Mnakula utajiri wenu!" akasema, na ukumbi ukacheka. Akamalizia kwa methali, haba na haba hujaza kibaba, na kwa kuwa sisi wa Kiswahili tulikuwa tumekaa mbele, akatunyoshea mkono kana kwamba ametupa zawadi.

Nami nilicheka. Nilipokuwa natembea kurudi hosteli ndipo nilipojiuliza: nikiacha rolex, usiku nitakula nini? Maana bwana yule aliizungumzia kama anasa, kitu cha kutafuna huku chakula halisi kinangoja nyumbani. Kwangu mimi, na kwa wasichana watatu ninaolala nao chumba kimoja, rolex ndiyo chakula cha jioni chenyewe. Mtu anayeshiba jioni kwa shilingi 3,000 mjini Kampala hajatapanya mali. Amefaulu mtihani ambao wachumi wengi wangeanguka.

Tulipotoka ukumbini tulikuta meza. Juu ya meza kulikuwa na fulana za bure, na nyuma yake vijana wawili wachangamfu waliokuwa wakiwasaidia wanafunzi kupakua programu ya mikopo ya taasisi ile ile. Ndani ya ukumbi tuliambiwa tuweke akiba, mlangoni tukaambiwa tukope. Hakuna aliyeona ajabu, hata mimi. Nilichukua fulana.

Ninaandika insha hii kulalamika juu ya ule umbali wa hatua 20 kati ya jukwaa na meza. Kila mwaka tunahubiriwa akiba. Tunahubiriwa na benki, na wahamasishaji wa redioni, na makanisa, na hata na walimu wetu wanapotuona na simu mpya. Sijawahi, tangu shule ya msingi hadi mwaka huu wa tatu wa chuo, kukaa katika chumba ambamo mtu mzima alinifundisha kukokotoa bei ya mkopo. Tumelelewa kujua kwamba deni ni baya, bila kuonyeshwa namna ya kulipima ubaya wake.

Nianze na ile kanuni ambayo bwana wa suti alituandikia ukutani kwa herufi kubwa: 50/30/20. Nusu ya mapato iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye mambo unayoyapenda, asilimia 20 iwe akiba. Alituambia kwamba ni kanuni ya dunia nzima. Si kweli. Ni kanuni iliyoenezwa na kitabu cha Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi, All Your Worth, kilichotoka Marekani mwaka 2005. Warren, ambaye baadaye alikuwa seneta, wakati huo alikuwa profesa wa sheria aliyechunguza watu waliofilisika. Kanuni yake ililengwa kwa familia zenye mshahara unaoingia kila mwezi na kukatwa kodi. Na jambo ambalo wahubiri wetu hawalitaji ni kwamba mama na binti hao hao walikuwa wametoa kitabu kingine mwaka 2003, The Two-Income Trap, wakipinga vikali dhana kwamba familia za Marekani zilifilisika kwa sababu ya kununua ovyo. Walisema zilifilisika kwa sababu ya kupoteza kazi, magonjwa, talaka, na bei ya nyumba katika mitaa yenye shule nzuri. Yaani mwenye kanuni mwenyewe alikataa kuwalaumu wala rolex wa kwao. Sisi tumechukua kanuni tukaacha hoja.

Hebu tuijaribu hapa. Mwezi wa mazoezi ya kufundisha nilipata shilingi 180,000. Mama yangu, anayeuza maharagwe na mihogo sokoni Masaka, alinitumia 60,000 kwa mafungu matatu. Nyingine 120,000 nilizipata kwa kuwafundisha watoto wawili wa jirani jioni. Kodi ya hosteli ilikuwa imelipwa kwa muhula mzima, kwa hiyo niiache. Kwa mujibu wa kanuni, mahitaji yangu yasizidi 90,000, nijiburudishe kwa 54,000, niweke akiba 36,000. Sawa. Chakula kwa 5,000 kwa siku ni 150,000 kwa mwezi. Nauli ya teksi kwenda shule niliyopangiwa, upande wa Wakiso, na kurudi, ilikuwa 4,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 88,000. Jumla 238,000. Nimepungukiwa na 58,000 kabla sijanunua chaki ya rangi wala karatasi za manila, ambazo msimamizi huziulizia kabla hajauliza umefundisha nini. Niweke akiba asilimia 20 ya kitu gani?

Pengo hilo la 58,000 si bahati mbaya yangu peke yangu. Limejengwa. Uganda ina Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na ni jambo jema kwamba ipo. Lakini mkopo wake hulipa karo na ada za chuo. Haukulishi wala haukupi kitanda. Wenzetu wa Tanzania hupata fedha ya kujikimu kutoka bodi yao ya mikopo, ile wanayoiita "boom", ambayo ilipandishwa kutoka shilingi zao 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Nao wana malalamiko yao, najua, na wanapoajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Lakini wanajua nani anawadai na kwa masharti gani. Sisi pengo letu la chakula na nauli limeachwa wazi, na katika uwazi huo simu imeingia.

Nilikopa shilingi 100,000. Nieleze vizuri, kwa maana nilipowasimulia wenzangu niligundua kwamba wengi wamepita njia hiyo hiyo na hakuna aliyeipigia hesabu. Programu iliniuliza nikubali kuisomea majina yaliyomo kwenye simu yangu. Nikakubali. Iliniuliza kama nimesoma masharti. Nikasema ndiyo, uongo ambao sote tunausema. Katika dakika tatu fedha zikaingia. Ziliingia 85,000. Ile 15,000 ilikuwa imekatwa mapema kwa jina la "ada ya huduma". Baada ya siku 14 nirudishe 100,000.

Hapa ndipo ningependa bwana wa suti angerudi na picha zake. Mkopo wangu si wa 100,000 kwa ada ya asilimia 15. Sikupewa 100,000. Nilipewa 85,000, na nikalipia 15,000 juu yake, ambayo ni karibu asilimia 17.6 kwa wiki mbili. Mwaka una wiki mbili 26. Zidisha tu, bila hata kuweka riba juu ya riba: ni zaidi ya asilimia 450 kwa mwaka. Kama angetokea mtu Masaka akamwambia mama yangu, "Nitakukopesha shilingi 100 leo, mwakani uniletee 550," mama angemwita jirani waje wamtazame kichaa. Lakini ukiandika 15,000, ukaandika siku 14, ukaandika neno "huduma", msomi wa mwaka wa tatu anabonyeza kitufe cha kijani.

Nikiri jambo moja ili nisionekane mtakatifu. Katika zile 85,000, nilifunika pengo la 58,000, na 27,000 zilizobaki sikuzitumia zote kwa hekima. Kumi nilimtumia mdogo wangu aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada ya mtihani. Kumi na tano nilisuka nywele. Ndiyo. Nilikuwa nakwenda kusimama mbele ya darasa la wanafunzi 70 kwa mara ya kwanza, na sitaiomba radhi nywele yangu katika insha hii.

Siku ya 14 sikuwa na 100,000. Programu ikanihurumia: lipa 15,000 tu, urefushiwe muda kwa siku 14 nyingine. Nikalipa. Siku ya 28, hivyo hivyo. Siku ya 42, hivyo hivyo. Nilikuwa nimelipa 45,000, zaidi ya nusu ya nilichopokea, na deni lilikuwa bado 100,000 kamili, halijapungua hata shilingi. Siku ya 56 nilishindwa kabisa. Ndipo simu zikaanza, na hazikupigwa kwangu.

Walimpigia Ssenga wangu. Kwa Waganda, ssenga ni dada wa baba, na kwa msichana ni zaidi ya shangazi: ndiye anayekufundisha utu uzima, ndiye atakayesimama siku ya kuposwa kwako. Kijana wa upande wa pili alimuuliza Ssenga kama anamfahamu mwizi anayeitwa kwa jina langu. Walimpigia pia mzee wa kanisa letu. Walimpigia mwalimu mmoja wa idara hii, kwa sababu namba yake ilikuwa kwenye simu yangu. Mwalimu huyo hakusema lolote darasani. Alinisubiri nje, akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama, akaondoka kabla sijamaliza kujibu. Namshukuru. Lakini kwa wiki tatu nilikaa safu ya nyuma, na kipindi chake kimoja sikuhudhuria kabisa.

Niliposafiri kwenda kwa Ssenga nilijiandaa kwa hotuba. Ssenga aliishia darasa la tano. Ni mtunza daftari wa kikundi chao cha nigiina, ule mchezo wa wanawake kuchangiana fedha kwa zamu ambao Waswahili wanauita upatu na Wanyarwanda wanauita ikimina. Alinipa chai, akanyamaza mpaka nikamaliza kikombe. Kisha:

"Mwanangu, ulipokea ngapi?"

"Elfu themanini na tano, Ssenga."

"Umerudisha ngapi hadi leo?"

"Arobaini na tano."

"Na wanataka ngapi?"

"Laki moja na elfu kumi na mbili, pamoja na faini."

Aliandika namba hizo tatu nyuma ya daftari lake, akazitazama. Hakuniuliza kwa nini nilikopa. Akasema, "Hawa ni ghali," kama mtu anayezungumzia duka la sukari. Zamu yake ya nigiina ilikuwa imeangukia mwezi ule. Alinipa 112,000 kutoka humo, nami namrudishia 10,000 kila mwezi, bila ada ya huduma. Kwa jumla nililipa 157,000 kwa 85,000 nilizopokea. Tofauti ni 72,000. Kwa kuwa bwana wa suti anapenda kuhesabu kwa rolex: ni rolex 24, nilizolipa bila kuonja hata moja.

Najua jibu litakalotolewa. Hakuna aliyekushika mkono, ulibonyeza mwenyewe. Ni kweli. Na najua pia kwamba wapo kati yetu wanaokopa kwa upuuzi. Kijana mmoja wa darasa letu alikopa kwenye programu mbili ili aweke kamari ya mpira, ingawa sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari, maana yake karibu darasa letu zima. Sina la kumtetea. Lakini tazameni: hata yeye hakuharibiwa na rolex. Hakuna hotuba ya akiba ambayo ingemwokoa, kwa sababu hakuwa na akiba ya kulinda. Ambacho kingemshtua pengine ni kuiona ile namba, 450, imeandikwa kwenye skrini yake kabla ya kitufe cha kijani.

Kwa nini haiandikwi? Hapa naingia katika somo letu, na nitauma mkono unaonifundisha. Tunasoma tafsida. Tunajua kuitambua katika tamthilia na mashairi: mtu hafi, anatutoka; hana mimba, ni mjamzito. Tunapata alama kwa kuitaja. Lakini tafsida kubwa kuliko zote katika maisha yetu iko mfukoni mwetu na hakuna aliyeitungia swali la mtihani. "Ada" ni tafsida ya riba. "Kurefusha muda" ni tafsida ya kulipa bila kupunguza deni. "Kukubali kusoma majina" ni tafsida ya kuweka rehani heshima ya shangazi yako.

Na tafsida hiyo ina thamani ya fedha. Tutazame Kenya, ambako mikopo ya simu ilianza mapema kuliko kwetu. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, na ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia riba za benki zisizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, ambayo wakati huo ilimaanisha kama asilimia 14 hivi kwa mwaka. Asilimia 7.5 mara miezi 12 ni 90. Je, ilishuka? Haikushuka, kwa hoja kwamba ile 7.5 si riba, ni ada ya kuuwezesha mkopo. Sheria ikafutwa Novemba 2019, na katika miaka yote hiyo mitatu neno moja lilikuwa limesimama kati ya mkopaji na ulinzi wa sheria. Halafu watu wanatuuliza shahada ya lugha ina faida gani.

Kwa haki, Kenya imefanya jambo. Kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali ziliwataka wapate leseni ya Benki Kuu, na zikakataza kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mtu kabla ya kuchukua taarifa zake. Tatizo liko kwenye hiyo ridhaa. Mimi niliridhia. Ssenga hakuridhia, mzee wa kanisa hakuridhia, mwalimu hakuridhia, lakini majina yao yalikuwa kwangu na mimi niliyagawa kwa kidole gumba.

Wahubiri wa akiba wana ubaya mwingine ambao ningependa niutaje kabla sijasahau. Wanaita fedha tunazotuma nyumbani "uvujaji". Katika picha moja ya bwana yule kulikuwa na ndoo yenye matundu, na tundu moja limeandikwa "ndugu". Nilipokuwa na shida, ni tundu gani lililonirudishia maji? Ile 10,000 niliyomtumia mdogo wangu na ile 112,000 aliyonipa Ssenga zinatoka katika ndoo moja. Ukiliziba tundu, unaziba la kuingilia na la kutokea. Sisemi kwamba ndugu hawachoshi. Kuna binamu yangu ambaye simu yake huwa siipokei mwisho wa mwezi. Ila kikundi cha Ssenga kina wanawake 14, kimedumu zaidi ya miaka kumi, na kila mmoja anajua kwa siku gani atapata kiasi gani na nani hajalipa. Huo nao ni usimamizi wa fedha, na hakuna aliyewaalika ukumbini waje watuhutubie.

Sasa, methali. Bwana yule alitupa haba na haba. Nyingine tunazofundishwa juu ya deni ni kukopa harusi, kulipa matanga. Na dawa ya deni ni kulipa. Nzuri zote. Lakini zisikilize: zote zinamsema anayekopa. Katika zile nilizokariri tangu sekondari, sikumbuki hata moja inayomnyoshea kidole mkopeshaji. Pengine zipo na walimu wangu watanisahihisha, ningefurahi. Lakini kama mtaala wetu umechagua zile za upande mmoja tu, basi na sisi tumesaidia kazi ya ile meza ya mlangoni bila kulipwa, hata fulana hatukupewa zote.

Ninachoomba si semina nyingine. Katika somo la Tafsiri, muhula uliopita tulitafsiri kipeperushi cha kunawa mikono na hotuba mbili za ufunguzi wa mikutano. Sina ugomvi na mikono safi. Lakini mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, na sisi ndio tunaotarajiwa kukipeleka kwa watu. Tutawapelekea nini? Masharti ya mikopo ya simu katika nchi hii niliyoyaona mimi yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho hata sisi wenye Kiingereza cha chuo hatukisomi. Tuyatafsiri. Tuyatafsiri neno kwa neno, na panapoandikwa "ada" tubishane darasani kama mtafsiri mwaminifu ana ruhusa ya kuandika "riba". Kila zoezi liambatane na hesabu ya mstari mmoja: umepokea kiasi gani, utarudisha kiasi gani, kwa siku ngapi, ni asilimia ngapi kwa mwaka. Tusio na hisabati tuwaazime wanafunzi wa uchumi, nao watatudai rolex, na tutawalipa.

Kuna atakayesema Ssenga wangu hasomi Kiswahili, anacho cha sokoni tu. Kweli. Rafiki yangu anayesomea Kiluganda amekubali kufanya ya kwake sambamba na ya kwangu, na tumeshaanza kugombana juu ya neno "faini".

Mkataba wangu bado ninao kwenye simu. Ni kurasa 11, na sehemu inayohusu majina ya watu iko ukurasa wa 7, katikati ya aya inayoanza kwa kuzungumzia ubora wa mtandao. Nimeuchapisha nakala sita kwa shilingi 200 kila ukurasa. Jumatatu, kipindi cha Tafsiri ni saa nne. Nitakaa safu ya mbele.